Multimita ya Bei Nafuu na Taa ya Baraza Iliyogoma Kuwaka

Multimita ndogo za njano, yaani mita za kupimia umeme, hupatikana kwa urahisi katika maduka ya vifaa vya umeme ya Ngamiani, jijini Tanga, zikiwa zimetundikwa ukutani pamoja na testa za bisibisi, na wateja wengi wasio mafundi huzipita kwa kudhani kwamba si vitu vyao. Yangu niliinunua kwa shilingi 15,000 kwa ajili ya kutafuta hitilafu ya taa ya baraza katika nyumba moja ya Raskazone. Baada ya kuitumia naona kwamba inastahili bei hiyo na zaidi, isipokuwa nyaya zake za kupimia, ambazo ni dhaifu kiasi cha kuhatarisha maisha ya anayezishika.

Dukani sina lalamiko. Muuzaji alifungua pakiti, akaweka betri, akanisogezea soketi ya kaunta na kusema, "Jaribu hapahapa, mzee wangu, tusije tukalaumiana kesho." Kioo kilionyesha volti 231, na kwa kuwa umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230, niliridhika.

Taa yenyewe ilikuwa ikiwaka na kuzimika kwa muda mrefu kabla ya kugoma kabisa. Globu yake ilipohamishiwa chumbani iliwaka bila shida, kwa hiyo ubaya ulikuwa kwenye holda, kwenye swichi au kwenye nyaya. Hapo ndipo watu wengi hukimbilia testa, na hapo ndipo testa inapompotosha mtu. Globu ikiwa imetolewa na swichi ikiwa imewashwa, testa iliwaka kwenye pini moja ya holda na kukaa kimya kwenye pini ya pili, jambo ambalo ndilo linalotarajiwa kwenye holda nzima isiyo na kasoro yoyote. Testa huonyesha kuwepo kwa laivu tu, yaani waya unaoleta umeme. Nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, iwe salama au iwe imekatika, huiacha gizani, na asiyelijua hilo anaweza kubadilisha globu, holda na swichi, akamaliza fedha, na taa isiwake.

Multimita ililimaliza suala hilo mara moja. Kati ya pini mbili za holda haikuonyesha volti 230 wala sifuri, bali tarakimu zilizokuwa zikipanda na kushuka kwenye volti thelathini na kitu. Hiyo ni dalili ya waya unaoelea, usioshikana na kitu upande wa pili, unaookota umeme kidogo kutoka kwenye nyaya zinazopita kando yake. Mita za kidijitali huvuta mkondo mdogo mno, ndiyo maana huweza kuusoma umeme huo wa uongo. Nilipoweka ncha moja kwenye pini ya laivu na ya pili kwenye waya wa ethi, ule wa usalama unaokwenda ardhini, uliokuwa darini, kioo kilisoma volti 228. Maana yake laivu na swichi zilikuwa nzima, na kilichokosekana ni nyutro.

Baada ya kuzima umeme wote kwenye meni swichi, kwa sababu swichi ya ukutani huzima waya mmoja tu, na baada ya kupima tena kuhakikisha kwamba hakuna kitu, nilifungua kifuniko cha darini. Konekta ya nyutro ilikuwa imeota kutu ya kijani, na waya ulichomoka wenyewe mara bisibisi ilipogusa skrubu. Hewa ya chumvi ya baharini huila shaba taratibu, na muungo uliokazwa kwa uvivu hauchukui muda mrefu. Waya ulikatwa hadi kwenye shaba inayong'aa, konekta mpya ikafungwa, taa ikawaka.

Sasa niseme kasoro zake. Ncha za nyaya za kupimia zina chuma kilicho wazi karibu sentimita mbili, na ndani ya holda urefu huo unatosha kuziunganisha pini mbili na kusababisha shoti; ilinibidi kuzizungushia tepu ya umeme na kuacha milimita chache tu. Plastiki ya nyaya zenyewe ni nyembamba, na mita imeandikwa CAT II, daraja la vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi, ilhali nyaya za kudumu za nyumba huhitaji CAT III. Tundu la ampea 10, la kupimia mkondo mkubwa, halina fyuzi. Anayesahau waya humo kisha akapima volti za soketi anakuwa ameunganisha laivu na nyutro mkononi mwake.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kitufe cha kuzungusha. Upande wa volti za betri na upande wa volti za umeme wa nyumbani hutofautishwa kwa mistari midogo ambayo kwenye mwanga hafifu haisomeki, na mita ikiwekwa upande wa betri husoma karibu sifuri kwenye waya wenye volti 230. Mtu huamini kwamba waya umekufa, akaushika. Kwa hiyo kabla ya kuamini sifuri yoyote, pima kwanza soketi unayojua ina umeme, kisha pima taa, halafu rudi kwenye soketi ileile.

Usitegemee pia kipimo cha ohm, yaani cha ukinzani, kujua uzima wa globu. Globu ya kizamani yenye uzi hutoa jibu, na ile ya wati 60 ikiwa baridi husoma chini ya ohm 100, lakini globu ya LED nzima kabisa inaweza isionyeshe chochote.

Anayetaka kununua aombe aina inayolia inapogusa waya usiokatika, umeme ukiwa umezimwa, ili asilazimike kutazama kioo huku mikono iko darini, na anunue kando nyaya nzuri zaidi. Hitilafu ikionekana kuwa ndani ya ukuta au kwenye meni swichi, aitwe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Betri ya volti 9 ikidhoofika, mita huanza kuzidisha vipimo, kwa hiyo soketi ikisoma volti 280, badilisha betri kabla ya kuipigia simu TANESCO.