Uzinduzi wa santuri "toleo maalum" Tanga: santuri inasikilizika, shughuli yenyewe hapana

Naanza na maksi kabisa ili mwenye haraka aondoke nazo. Santuri nyota tatu, shughuli ya uzinduzi nyota moja, na hiyo moja ni ya wale kinamama wa kahawa na kashata maana kashata zilikuwa tamu kweli.

Kwa wasiofuatilia, kuna lebo moja ya nje imekusanya taarab za zamani za huku kwetu, enzi zile za vikundi vya Black Star na Lucky Star, gitaa la besi lishaingia kwenye taarab na Bi Shakila bado binti, wakazitoa upya kwenye LP, yani santuri kubwa ya nyimbo nyingi, na uzinduzi wakaja kuufanya hapa hapa hotelini Raskazone. Rangi ya bluu, kopi 300 tu dunia nzima, kila moja na namba yake ya mkono, na 50 zinauzwa siku ile ile basi. Mtu aliyekulia Ngamiani akisikia hivyo anapagawa, mie nikiwa mmojawapo.

Tangazo linasema saa tatu asubuhi, wamefungua saa tano, watu tuko juani. Sheria ni mtu mmoja kopi moja, sawa, lakini jamaa aliyekuwa mbele yangu kaja na vijana wa bodaboda, kila mmoja kashikishwa laki na nusu mkononi, wananunua wanatoka wanamkabidhi getini wala hawajifichi, na jioni ile ile zishapanda Discogs, ule mtandao wa kuuziana santuri, kwa bei mara tatu. Nikamwonyesha mwandaaji kwenye simu akacheka, "ndo soko hilo kaka". Ulanguzi siku hizi unaitwa soko, haya bwana.

Huu mtindo haukuanzia kwetu. 2008 kule Marekani maduka madogo ya santuri yalijitengea siku yao, Record Store Day, Jumamosi ya mwezi wa nne, watu warudi madukani badala ya kununua kila kitu mtandaoni, na nia ilikuwa nzuri tu. Baadae lebo kubwa nazo zikajazana humo, mamia ya matoleo kila mwaka, albamu ambayo unaipata kokote inapigwa rangi ya pinki inaitwa adimu. Sasa sie tumechukua foleni na walanguzi, ila lile duka la mtaani lililokuwa linaokolewa, hapa Tanga liko wapi? Waandaaji wamekuja asubuhi na maboksi, jioni wamerudi Dar. Tanga, waja leo waondoka leo, hao wameitimiza kama ilivyo.

Kilichoniudhi zaidi ni mzee mmoja, kanzu na baraghashia, kaja na baiskeli yake. Nikampa shikamoo, akashika kava akaiangalia weee, akaweka kidole kwenye picha, "huyu wa fidla tulikuwa tukipakana naye nyumba, watoto wake wapo hapo Makorora. Wanapata chochote?" Binti wa mezani kwa adabu zake zote akamjibu babu hilo tuwaulize wa ofisini. Ofisi yenyewe iko Ulaya. Mzee akasema haya mama, akarudisha kava mezani akaenda zake. Hotuba ya kuenzi urithi wetu ilikuwa haijaanza bado.

Haya, santuri sasa. Kava safi, karatasi nzito, picha zimetoka vizuri. Wanatamba santuri ina uzito wa gramu 180, ila uzito hauongezi utamu, kinachosikika ni kile kilichokatwa humo na kilivyokatwa. Upande A hauna shida. Upande B tundu la katikati limekaa pembeni kidogo, ukiutazama mkono wa pleya unaenda unarudi unaenda unarudi kila mzunguko, kinanda kinayumba kama mpigaji kakaa kwenye ngalawa. Halafu weka hedifoni wimbo wa pili, utasikia mikwaruzo ya santuri ya zamani ndani ya santuri mpya, yani wamechukua 45 ya mtu, zile santuri ndogo za wimbo mmoja kila upande, wakainakili. Hilo peke yake silaumu, tepu nyingi za zamani zishapotea na wanaotoa upya wengi hufanya hivyo hivyo, lakini kwenye kava mbona mmeandika kutoka tepu halisi, yani zile za kurekodia studio?

Na wale wanaoziacha kwenye nailoni yake bila kufungua ili zipande bei, kwa joto la Tanga nailoni inabana santuri inapinda, mtakuja kuuza sinia. Siti binti Saad alipopelekwa Bombay 1928 kurekodi, zile santuri zilitolewa zipigwe watu wasikie, hakuna aliyeandikiwa namba.

Kisha juzi naona lebo ile ile imetangaza toleo la pili, nyeusi, nyimbo zile zile, na la rangi ya chungwa liko njiani. Kumbe 300 dunia nzima ilikuwa ni hesabu ya bluu, santuri yenyewe watachapa mpaka wachoke. Kwa hiyo kama unapenda muziki subiri hiyo nyeusi, itakuwa rahisi na utaagiza bila kuanikwa juani, ukiipata cheki tundu la upande B kabla hujatia sindano. Uzinduzi mwingine wa aina hii mie msinitag.

Ya kwangu ya bluu ipo, imepigwa mara chache, kava haina mkunjo. Nabadilishana na 45 yoyote ya lebo ya Mzuri, zile za Mombasa, isiyo na ukungu, hata kama haina kava. Walanguzi msijisumbue, nataka mtu aje na pleya tuzisikilize zote mbili kwanza.