Majuma sita na Luka 6: tathmini ya darasa la uanafunzi

Nilijiandikisha katika darasa la uanafunzi linaloendeshwa kila Jumanne jioni na usharika mmoja wa mjini Morogoro, nikalipa shilingi 10,000 za kijitabu, na kwa majuma sita tukasoma kipande kimoja tu cha Biblia, yaani Luka 6:37-49. Nilipoiona ratiba nilidhani kwamba aya 13 zingekwisha kwa jioni mbili na muda uliosalia ungejazwa kwa nyimbo na shuhuda. Haikuwa hivyo.

Ubora mkubwa wa darasa hili ni kwamba haliikati aya na kuiacha ikielea peke yake. Wengi wetu tumezoea kuisikia aya ya 38, ile ya "kipimo cha kujaa na kushindiliwa", wakati wa sadaka au wa kuchangia ujenzi, kana kwamba iliandikwa kwa ajili ya kapu. Mwalimu alituonyesha kwamba inaendeleza aya ya 37, ambamo tunaagizwa tusihukumu, tusilaumu, na tuachilie. Kwa hiyo kipimo kinachotajwa hapo si cha mali peke yake, bali ni kile kile tunachompimia jirani anapokosea. Juma la pili alikuja na kisado na mahindi, akamimina, akashindilia kwa kiganja, akatikisa, akaongeza hadi punje zikamwagika mezani, kisha akauliza ni nani kati yetu huwapimia hivyo watu anaowasema. Mama mmoja anayeuza nafaka sokoni alicheka, akasema kwamba yeye anavifahamu pia visado vilivyobonyezwa kitako. Maelezo ya neno "vifuani", mahali ambapo aya hiyo inasema mtu atapewa kipimo hicho, nayo yalinifaa: watu wa nyakati zile walikunja vazi juu ya mshipi wakabebea nafaka humo, jambo ambalo yeyote aliyemwona bibi yake akifunga kitu katika pindo la kanga atalielewa bila mchoro.

Somo la kibanzi kilicho jichoni mwa ndugu na boriti iliyo jichoni mwako mwenyewe lilifundishwa kwa uangalifu kuliko nilivyotarajia. Mwalimu hakuikubali tafsiri nyepesi kwamba Mkristo asiseme lolote juu ya kosa la mwenzake. Alitusomesha aya ya 42, ambayo inataka boriti itoke kwanza ndipo mtu aone vema kukitoa kibanzi, kisha akatupeleka Mathayo 18:15, ambapo kumwonya ndugu huanza faraghani. Mjadala ulikuwa mkali, hasa juu ya desturi ya kuwatenga hadharani mabinti waliozaa kabla ya ndoa huku baba za watoto wakiendelea kuimba kwaya, na jioni hiyo tulichelewa kutoka kwa saa nzima.

Ndiyo maana yaliyofuata yalinisikitisha. Mwishoni mwa somo la utoaji ilipitishwa bahasha, na mhasibu akasoma kwa sauti jina la kila mmoja pamoja na kiasi alichotoa. Jioni ile ile tulikuwa tumesoma habari za mjane na senti zake mbili, tena na Mathayo 6:3, kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Mzee aliyetoa shilingi 500 aliinamisha uso, na Jumanne iliyofuata hakuonekana. Sidhani kwamba palikuwa na nia mbaya. Ni mazoea ya harambee yaliyoingia darasani bila kubisha hodi.

Juma la mwisho lilibanwa mno. Swali la aya ya 46, kwa nini tunamwita Bwana bila kutenda asemayo, lilipewa dakika chache kwa sababu muda ulihitajika kwa kugawa vyeti vya kuhitimu, ingawa aya ya 40 inasema kwamba aliyehitimu huwa sawa na mwalimu wake. Cheti changu bado kimo kabatini. Kijitabu chenyewe kina maandishi madogo na maswali mengi ya ndiyo au hapana, kwa hiyo anayekitaka peke yake, bila darasa, hatapata thamani ya fedha yake.

Nilimwandikia mratibu kuhusu bahasha, naye akajibu kwamba kuanzia awamu ijayo kutakuwa na kisanduku mlangoni. Kwa ahadi hiyo nimemwandikisha mdogo wangu.