Intaneti ya waya kwenye laptopu ya zamani: kipi ununue, kipi uache

Kabla hujatoa hela, angalia ubavu wa laptopu. Nyingi za zamani zina tundu la RJ45, yaani la kuchomeka waya wa intaneti, tayari; Windows ikishawekwa upya draiva (programu inayoendesha kifaa) hupotea, na mwenye mashine anauziwa adapta asiyoihitaji. Fungua Device Manager, orodha ya vifaa ndani ya Windows. Ukikuta "Ethernet Controller" yenye alama ya njano, kilichokosekana ni draiva tu. Usipoiona kabisa, ingia BIOS (mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) uone kama LAN, yaani mtandao wa waya, imezimwa.

Tundu likiwa limekufa kweli, chaguo letu la kwanza ni adapta ya USB yenye chipu ya Realtek RTL8153 au ASIX AX88179. Hizi ni za gigabiti, yaani 1000 Mbps. Kwenye USB 2.0 hazitaifikia kasi hiyo, maana kikomo cha USB 2.0 ni 480 Mbps kwa nadharia na pungufu kwa vitendo, lakini siku ukibadilisha mashine unahama nayo.

Ya pili ni RTL8152 au AX88772, zote za 100 Mbps. Kama matundu ya LAN ya ruta yako ni ya 100 Mbps, chukua hii bila wasiwasi. Kasi ya ziada ungeilipia bure.

Ya tatu ni kadi ya ExpressCard, inayochomekwa kwenye mwanya wa ubavuni, kwa mwenye nafasi yake ambaye matundu ya USB yameharibika. Pima kwanza: ExpressCard ya kawaida ina upana wa mm 34, PCMCIA ya zamani zaidi ni mm 54, na haziingiliani.

Ya mwisho, na tunasihi uiache, ni ile adapta ya bei ya kutupa yenye chipu ya SR9700. Boksi linaandika 100 Mbps, kumbe ndani ni USB 1.1, isiyovuka 12 Mbps. Kibaya zaidi, nyingi hutoka kiwandani na anwani ya MAC (namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao) ileile. Ofisi ikichomeka mbili kwenye ruta moja, zinanyang'anyana mtandao na fundi anahangaika kutafuta ubovu kwenye ruta.

Ganda la nje halikuambii chipu, kwa hiyo uwe Makoroboi hapa Mwanza au kwenye duka kubwa la katikati ya mji, nenda na laptopu yako. Chomeka adapta, ifungue kwenye Device Manager, kisha Details, kisha Hardware Ids. VID_0BDA&PID_8153 ndiyo RTL8153; 8152 ni mdogo wake; VID_0B95 ni ASIX. Ukisoma VID_0FE6&PID_9700, mrudishie muuzaji.

Waya ndiyo pesa nyingi zinapopotelea. Omba Cat5e (daraja la waya wa mtandao) ya shaba tupu. Kwangua ncha ya uzi mmoja kwa wembe: ndani kukiwa cheupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, inakatika ikikunjwa na inadhoofisha mawimbi kwenye umbali mrefu. Urefu wa mwisho wa waya wa mtandao ni mita 100.

Vichwa vikibanwa dukani, simamia mpangilio wa rangi uitwao T568B pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Wapo wanaopanga rangi jozi kwa jozi, kijani kikae pembeni ya nyeupe-kijani. Testa itawasha taa zote nane, lakini pini ya 3 na ya 6, zinazotakiwa kuwa jozi moja, zinakuwa zimetoka jozi tofauti, mawimbi yanaingiliana, na mtandao unakatikakatika kila waya unapokuwa mrefu. Hesabu rangi kwa macho kabla koleo halijabana.

Kwa wanaovuta waya nyumba hadi nyumba juu ya mawe ya Mabatini au Igogo, mitaa ya Mwanza: usipitishe waya wa shaba nje. Radi za ukanda huu wa ziwa hazihitaji kuupiga waya wenyewe. Zikipiga jirani tu, umeme unaoingia kwenye waya unaua ruta na laptopu pamoja. Tumia faiba hapo, waya wa nyuzi za kioo usiopitisha umeme. Waya wa ndani nao uchomoe mawingu yakianza kujikusanya.

Windows 10 na Linux kwa kawaida huzitambua chipu za Realtek zenyewe. Windows 7 inataka draiva, na mtandao wa kuipakua huna. Ipakue kwa simu, uihamishe kwa kebo ya USB. Taa zikiwaka lakini anwani ya IP (namba ambayo ruta huipa laptopu) inaanza na 169.254, mara nyingi adapta ni nzima: laptopu haijapata anwani kutoka kwa ruta, basi zima ruta na kuiwasha, au jaribu tundu lake jingine la LAN.