Oto au manyuo: ipi inachomoka haraka?

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Swali mnaloniuliza sana: kutoka kusimama mpaka kilomita 100 kwa saa, nani anamwacha mwenzake, oto inayobadili gia yenyewe, au manyuo unayoibadili kwa mkono? Leo najibu kwa magari mawili, yote ya Toyota.

Tuanze na Altezza RS200, tunayoijua mtaani. Injini ni ile ile, 3S-GE ya lita 2, ila ya manyuo ilitoka na nguvu za farasi 210, ya oto 200. Haina turbo, ile feni inayoisindilia injini hewa, na hao farasi 210 unawapata mshale wa mizunguko ya injini ukifika 7,600 kwa dakika. Kwa hiyo inataka dereva anayejua kuishikilia huko juu, na gia sita za mkono zinakupa nafasi hiyo. Hapa mimi ni manyuo, sina maswali.

Sasa njoo GR Supra ya lita 3. Manyuo yake ilipokuja mwaka 2022, Toyota waliibeba kweli: giaboksi nyepesi, na uwiano wa difu, yaani gia ya mwisho kabla ya tairi, wakautoa kwenye 3.15 wakaupeleka 3.46 ili ivute zaidi. Vipimo vyao wenyewe vya Ulaya? Oto ya gia nane sekunde 4.3, manyuo 4.6.

Kwa nini? Tazameni mguu wangu kwenye hii ya manyuo, mtaelewa. Natoka ya kwanza naingia ya pili: naachia mafuta, nakanyaga klachi, navuta gia, naachia klachi, narudi kwenye mafuta. Mmeona pua ilivyoinama? Hapo katikati tairi hazikusukumwa hata kidogo, na turbo imepungukiwa na pumzi. Oto ya kisasa inapangua gia injini ikiwa bado inasukuma.

Halafu kuondoka na oto. Shika breki, kanyaga mafuta kidogo, turbo ijae, achia. Kati ya injini na giaboksi ya oto kuna mapangaboi mawili yanayotazamana kwenye oili, na wakati wa kuanza yanauzidisha msukumo wa injini. Msing'ang'anie hapo lakini, oili ya giaboksi inachemka.

Wewe unayeenda kuangalia Altezza ya manyuo iliyotumika, usinunue kabla ya kupima klachi. Weka gia ya nne ukiwa mwendo mdogo, kanyaga mafuta mpaka chini. Mshale ukiruka juu na gari haliongezi mwendo, klachi imekwisha. Mwambie muuzaji apunguze bei, au ondoka.