Risiva nane za hoteli, gunia moja la karafuu na fundi wa Chake: uzoefu wangu

Nianze na aibu. Risiva ya kwanza niliyoitoa zawadi ilimfia shangazi yangu siku hiyohiyo. Nilimpelekea baada ya swala ya alasiri, nikamuunganishia na dishi lake, picha ikaja safi, akaninywesha chai kwa mkate wa ufuta. Sijakaa vizuri nyumbani, simu ikalia: "Mwanangu, hiki kidude chako sasa kinanikonyeza tu."

Kinakonyeza, yaani kile kitaa chekundu kinawaka na kuzima, na ndani unasikia tik, tik, tik. Pawa, ile sehemu ya ndani inayoilisha risiva umeme, imekufa.

Risiva zenyewe nilizipata kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, nilikokuwa mtunza stoo. Hoteli nyingi za zamani zilikuwa na mtindo huo: njia nane za TV, risiva nane ndani ya kabati moja, kila moja imeachwa kwenye njia yake, kisha picha zote zinaingizwa kwenye waya mmoja unaokwenda vyumbani. Mgeni anabadilisha njia kwenye TV yake, lakini kule kabatini hakuna kulala. Zinawaka usiku na mchana, zimepandana kama sahani. Hoteli ilipobadilisha mtambo, meneja akasema zitupwe. Nikamwomba, akaniandikia karatasi ya kutokea getini, nikazitia kwenye gunia la karafuu na kupanda nazo meli ya Pemba. Pale bandarini Mkoani mchukuzi aliniuliza kama nimeleta matofali.

Rimoti zilikuwa tatu. Risiva nane, rimoti tatu. Hilo nalo liangalie kabla hujapokea zawadi ya mtu.

Baada ya yaliyomfika shangazi nikazijaribu zote nyumbani, Wete, safari hii kwa dishi, maana kule hotelini nilikuwa nazichomeka tu kuona kama namba zinawaka. Mbili hazikuonesha uhai wowote. Tatu zilikuwa za tik tik. Mbili zilikuwa na tabia ya ajabu: zinawaka vizuri, ukizichomekea waya wa dishi tu, zinazima. Ya shangazi ikawa ya nane, hiyo ya kufa ikishapata joto.

Fundi wa kwanza nilimpata karibu na nyumbani, na simtaji. Nilimpa moja kati ya zile mbili zilizokufa kabisa. Hakuifungua kuitazama vizuri, akatoa kibodi kipya cha pawa, vile vinavyouzwa vina nyaya za rangi rangi, akasema hiki kinakubali risiva yoyote. Akauma waya kwa meno, akaunganisha, akawasha. Waya wa volti 12 ulikuwa umeingia mahali pa volti 5. Harufu ile mpaka leo naikumbuka. Akaniambia bodi ilikuwa mbovu tangu zamani, nimpe elfu kumi ya kazi. Nikampa tano ili tusifike mbali. Sisemi vibodi hivyo vyote vibaya, lakini anayekuwekea bila kupima kila waya unatoa volti ngapi, mnyang'anye risiva yako.

Saba zilizobaki nikapanda nazo gari ya 606 hadi Chake Chake. Fundi wa pili, wa huko, ndiye ninayeandika habari zake hapa. Ni mtu mzima, maneno machache, meza yake imejaa bodi zilizokatwa viungo. Kabla ya kushika bisibisi aliniuliza, "Hizi zilikuwa zikikaa wapi?"

"Kabatini, fundi. Zimepandana."

"Miaka mingapi?"

"Sita, saba."

"Basi ugonjwa wake naujua."

Akafungua ya kwanza na kunionesha. Upande wa pawa unaotoa umeme mdogo kuna kapasita, vifaa vya kuhifadhi umeme kidogo, zilizosimama kama makopo madogo. Vichwa vyake vinatakiwa viwe bapa. Vile vilikuwa vimeumuka kama maandazi, kimoja kimetoa utomvu wa kahawia. Ndani ya kapasita za aina hii mna majimaji, na joto ndilo linaloyakausha. Hesabu ya mafundi ni kwamba joto likizidi kwa nyuzi 10, umri wa kapasita unapungua karibu nusu. Kabati la hoteli, bila feni, hapa kwetu wakati wa kaskazi! Ajabu ni kwamba ziliishi miaka yote hiyo.

Akapima kwa mita. Laini ya volti 5 ikiwa peke yake inasoma 5. Akaifunga kwenye bodi na dishi, ikashuka hadi 4.2. Hapo nikaelewa zile mbili za ajabu. Kile kijicho cha mbele ya dishi, LNB, hakina umeme wake. Kinalishwa na risiva kupitia waya uleule wa picha, volti 13 kwa mawimbi ya wima na 18 kwa ya ulalo. Pawa dhaifu inaweza kuibeba risiva yenyewe, ukiiongezea LNB inapiga magoti. Kwa hiyo ukiambiwa "inawaka, nimeijaribu", uliza imejaribiwa na dishi au bila dishi.

Jambo jingine alilonionya, na alinipiga kidole nilipotaka kugusa: ile kapasita kubwa moja, iliyoandikwa volti 400, inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata ukishachomoa waya ukutani. Yeye huimaliza kwa balbu kabla ya kutia mkono, na akiwasha mara ya kwanza baada ya matengenezo huipitisha risiva kwenye balbu ile. Balbu ikiwaka sana, bado kuna shoti. Usifungue nyumbani kwa udadisi.

Kapasita mpya alizoweka ni za kuvumilia joto la nyuzi 105, si 85. Zilizoandikwa volti 10 akaziwekea za 16, maana volti ikizidi haina neno, ikipungua ndiyo balaa. Alinitoza elfu saba kila risiva pamoja na vifaa. Ile iliyokuwa imekufa kabisa haikuwa na kilichovimba hata kimoja. Akaenda moja kwa moja kwenye kikapasita kidogo kama punje ya karafuu, kile kinachoisaidia pawa kuanza. "Hiki hakivimbi, kinakauka," akasema. "Na hiki kikikauka hakiuziki."

Moja alinirudishia kama ilivyo. Ilikuwa ya tik tik, lakini alipochomoa waya unaokwenda bodi kubwa pawa ikatulia, kumbe shoti iko kwenye bodi. Hakunitoza kitu.

Kasoro zake anazo. Aliniambia wiki moja, zikawa tatu. Simu hapokei, lazima uende mwenyewe. Mbili zimerudi na skrubu moja moja badala ya nne. Lakini miezi minane sasa, sita alizozitengeneza zote zinawaka, na nikiulizwa nampa nne kwa tano.

Kati ya hizo sita, mbili sikumpa mtu. Ni za zamani mno, zinasoma MPEG-2 tu, mtindo wa zamani wa kubana picha za TV, na njia nyingi zimeshahamia MPEG-4, mtindo mpya zaidi. Unaskani, majina yanakuja, ukifungua unaona kiza. Kumpa mtu kitu cha namna hiyo ni kumpa safari ya kwenda kwa fundi. Ningejua mapema nisingetoa elfu kumi na nne kuzifufua.

Nne zimegawiwa. Moja ipo kwa jirani mwenye dishi kubwa, ambako Ramadhani tulikuwa tukikusanyika kutazama tarawehe ya Makka. Moja kwenye baraza la kahawa, moja kwa mwalimu mwenzake mke wangu. Ya nne ni ya shangazi, ileile.

Shangazi hanipi wasiwasi wa umeme. Tangu enzi za majenereta ya Wesha, yaliyokuwa yakiipa Pemba umeme, ana mazoea ya kuchomoa kila kitu kabla ya kulala, na umeme ukirudi husubiri kwanza. Tatizo lake ni kitambaa. Kila kifaa sebuleni kwake kimefunikwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, na matundu ya risiva yapo juu. Nimemweleza habari ya joto mara tatu. Mara ya nne nilikuta kitambaa kimetandikwa chini, risiva imekaa juu yake, na ndivyo tulivyokubaliana.