Kuungana kabisa au ushirika kamili?

Kanisa dogo linalotaka kukaribiana na jingine lina njia hizi mbili. Kuungana kabisa hufuta jina la kanisa dogo kisheria. Hati za viwanja na pensheni za wachungaji huhamia kwa chombo kipya. Mwaka 1968 nchini Marekani, kanisa la Evangelical United Brethren liliungana na Wamethodisti. Sharika kadhaa za Brethren za kaskazini-magharibi zilikataa, zikaanzisha kanisa lao. Mkutano mkuu hupiga kura, kisha usharika huuliza jengo ni la nani: swali hilo lijibiwe kwa maandishi kabla ya kura.

Wamoravian wa Marekani walichagua ushirika kamili na Walutheri wa ELCA, kanisa kubwa la Kilutheri la huko (1999), kisha na Waepiskopali, yaani Waanglikana wa huko (2011). Wachungaji wa kanisa moja huweza kuhudumu katika jingine; sinodi, bajeti na mali hubaki mbalimbali. Upungufu wa wachungaji hupungua. Madeni, hapana.