Zana ya biashara ya Meta ikipimwa kwa siku ya kufilisika

Wengi huisifu au kuilaumu zana ya biashara ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook, Instagram na WhatsApp, ile iliyojulikana kama Business Manager na sasa imo ndani ya Business Suite, kwa sababu ya matangazo. Hapa inapimwa kwa swali jingine: kampuni ikifilisika, je, mfilisi (msimamizi anayeteuliwa kukusanya na kuuza mali yake ili wadai walipwe) anaweza kuzishika akaunti zake, kuzilinda, kisha kumkabidhi mnunuzi? Kwa kurasa za Facebook, ndiyo, na hakuna mtandao mwingine unaoifikia. Kwa Instagram ni nusu kwa nusu. WhatsApp Business ndiyo inayoangusha nyumba nzima.

Swali hili si la kinadharia. Mwaka 2015, mahakama ya ufilisi ya Texas nchini Marekani ilishughulikia duka la bunduki la Tactical Firearms. Duka lilipopata mmiliki mpya, yule wa zamani aliukatalia ukurasa wa Facebook, akaubadilisha jina na kuweka lake. Jaji Jeff Bohm aliona kwamba ukurasa ulikuwa umeunganishwa na tovuti ya duka na ulitumika kutangaza biashara, hivyo ni mali ya kampuni kwa mujibu wa kifungu cha 541 cha sheria ya ufilisi, pamoja na akaunti ya Twitter. Mmiliki wa zamani aligoma kutoa maneno ya siri, akawekwa ndani zaidi ya mwezi mmoja kwa kuidharau mahakama.

Kesi ya pili, ya 2023, ina faida kubwa zaidi kwa mfanyabiashara. Kampuni ya vinywaji vya Bang Energy ilivutana na mwanzilishi wake, Jack Owoc, juu ya akaunti za Instagram, TikTok na Twitter zenye jina la BangEnergyCEO. Jaji Peter Russin wa Florida alitazama mambo matatu: kuna maandishi yanayosema akaunti ni ya nani, nani anashika funguo zake, na inatumika kwa kazi gani. Kampuni ilishinda, ingawa jina na sura ya akaunti vilikuwa vya bosi.

Zana ya Meta inajibu vizuri jambo la pili. Ukurasa unaweza kuwa chini ya kampuni yenyewe badala ya wasifu wa mtu. Ingia kwenye mipangilio ya biashara, sehemu ya kurasa, uchague kuongeza ukurasa uliopo, si kuomba ruhusa ya kuutumia. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wakala wa matangazo huumiliki ukurasa, mwenye duka akabaki mgeni kwenye duka lake. Ukurasa hauwezi kuwa chini ya kampuni mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo wakala apewe ruhusa ya mshirika tu. Weka maadmini wawili au zaidi wenye mamlaka kamili, kwa sababu wasifu wa admini pekee ukifungiwa na Facebook, hata mfilisi mwenye amri ya mahakama atabaki kuandikiana barua na huduma kwa wateja. Thibitisha biashara kwa cheti cha usajili: jina la kampuni kwenye cheti na kwenye zana likilingana, unapata sehemu ya yale maandishi aliyoyatafuta Jaji Russin. Sehemu iliyobaki iwe kwenye mkataba wa ajira, sentensi moja inayotaja kila akaunti kwa jina lake.

Kasoro ya kwanza ni ya muda. Admini mpya wa ukurasa anaweza kutakiwa kusubiri siku 7 kabla ya kuwaondoa wengine. Kwa mfilisi aliyeingia leo huku mkurugenzi aliyeondolewa bado ana mamlaka kamili, wiki ni ndefu mno. Machapisho ya miaka yanaweza kufutwa kwa jioni moja. YouTube nayo inasubirisha siku 7 kabla mmiliki mwenza hajafanywa mmiliki mkuu.

Kasoro ya pili: akaunti ya matangazo ikishaingizwa kwenye kampuni moja haihamishwi kwenda nyingine. Mnunuzi atauchukua ukurasa, lakini historia ya matangazo itabaki kwenye kampuni iliyokufa. Na kadi iliyounganishwa huendelea kukatwa hadi mtu ayasimamishe matangazo kwa mkono. Hilo lifanywe siku ya kwanza, kabla hata ya kuhesabu viti na meza.

Instagram inaingia kwenye zana hiyo hiyo, ila bado ina jina na neno lake la siri, na barua pepe ya kuirejesha. Barua pepe hiyo mara nyingi ni ya kikoa cha kampuni, yaani jina lake la mtandaoni linalolipiwa kila mwaka. Mfilisi anayebana matumizi anaacha kulipia kikoa, barua pepe zinakufa, na namba za uthibitisho zinatumwa kusikofika. Ada ndogo ya kikoa kwa mwaka inaweza kuiponza akaunti ambayo wadai wangeiuza kwa bei nzuri.

X, iliyokuwa Twitter, ni shida ya aina yake. Novemba 2024, kwenye mauzo ya Infowars, tovuti ya Alex Jones wa Marekani aliyefilisika, kampuni ya X ilipinga mahakamani akaunti zisiuzwe, ikidai huduma ni yake na mtumiaji ana leseni tu isiyohamishika. Facebook nayo ina masharti yanayobana uhamishaji, ila angalau zana yake inaruhusu kubadilisha maadmini bila kugusa wasifu wa mtu.

Kikasha cha ujumbe kina majina, namba za simu na oda za wateja. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019 na Tanzania ina yake ya 2022, kwa hiyo mfilisi asiuze kikasha kama anavyouza rafu.

Tukirudi kwa WhatsApp Business: programu ya simu imefungwa kwenye namba moja. Tanzania laini husajiliwa kwa kitambulisho na alama za vidole, na wenye maduka wengi wamesajili laini ya biashara kwa jina la mtu, mara nyingi kijana wa mauzo. Akiondoka na laini, ameondoka na katalogi na wateja, na mtandao wa simu utamtambua yeye. Sajili laini kwa jina la kampuni, washa PIN ya hatua mbili, na barua pepe ya kurejesha PIN iwe ile ile inayolipiwa kikoa.

Bei: bure. Alama: kurasa za Facebook 8 kati ya 10, Instagram 5, WhatsApp Business 2.